Sura ya Sita: Mvua ya Saa Tisa

Prodyusa wa Kakamega anayeijua kazi yake hupanga kurekodi sauti asubuhi. Si kwamba sauti huwa tamu zaidi wakati huo. Waimbaji wengi hufika wakikohoa na kuomba chai kwanza. Sababu ni mabati. Alasiri upepo wa Ziwa Viktoria hupanda na kukutana na ule unaotoka milima ya Nandi, wingu linafunga juu ya Msitu wa Kakamega, na ikifika saa tisa mbingu imepasuka. Eneo la msitu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi huja hivyo, kwa kishindo, mara nyingine na mawe. Unaweza kuziba kuta za chumba kwa magodoro, ukaweka milango miwili, ukaliziba dirisha kwa matofali. Juu yako bado kuna bati, na bati likipigwa na mvua ya mawe hakuna maiki isiyosikia.

Basi saa tisa kazi ya sauti husimama. Laptopu huchomolewa ukutani, spika huchomolewa, kadi ya sauti huchomolewa, kwa kuwa radi ya huku haina adabu na kila aliyedumu katika biashara hii ana hadithi ya mashine iliyoungua. Hiyo ni kama stima haijapotea yenyewe mapema. Watu hukaa kwenye viti vya plastiki. Mtu hutoa njugu karanga. Hapo, katika saa moja au mbili ambazo hakuna anayelipia, ndipo nilipojifunza sehemu kubwa ya haya ninayoyaandika.

Studio ninazozizungumzia hazina bango kubwa. Ziko Lurambi, ziko Amalemba, ziko nyuma ya maduka ya Sichirai ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hupanga vyumba. Chumba kimoja hugawanywa kwa ubao: upande huu meza, kompyuta, spika mbili na kiti cha prodyusa chenye mto uliochoka, upande ule nafasi ya mtu mmoja kusimama, maiki mbele yake, na mbele ya maiki soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya mduara wa waya. Soksi hiyo huzuia pumzi ya "p" na "b", na haina tofauti kubwa na kichujio cha dukani. Zisizosaidia ni trei za mayai zilizobandikwa ukutani. Zimeenea Kenya nzima, na kuna wateja wasiopoziona hudhani hawajafika studio, lakini trei ni karatasi nyepesi: hupunguza kidogo mlio mwembamba, mlio mzito unapita kama hapana kitu. Blanketi zito lililotundikwa sentimita kumi mbali na ukuta lafanya kazi zaidi. Maprodyusa wengi wanalijua hilo. Trei wanaziacha kwa ajili ya picha.

Mteja bora ni kwaya. Kwaya huja ikiwa imechanga, ina mwekahazina, inadai risiti. Shida yake ni wingi. Watu thelathini hawaingii mahali pa mtu mmoja, kwa hiyo hurekodiwa kwa mafungu: soprano wanne, kisha alto wanne, kisha wanaume, halafu prodyusa anawarudufu kwenye kompyuta mpaka wawe thelathini tena. Wale wengine waliokuja na matatu, wameshika sare zao kwenye mifuko, hukaa nje wakingoja siku ya video. Baada yao huja wanafunzi, hasa usiku, wakiwa na biti waliyoishusha YouTube na maneno yaliyochanganya Sheng, Kiluhya na Kiingereza. Halafu kuna msimu ambao hauji ila mara moja kwa miaka mitano, wa nyimbo za kumsifu mheshimiwa. Mheshimiwa hulipa taslimu, hulipa haraka, haulizi wimbo ni mali ya nani, na wimbo wenyewe hufa siku matokeo yanapotangazwa. Mwaka wa uchaguzi ndio mwaka wa kununua spika mpya.

Bei haibandikwi ukutani. Hujadiliwa kama bei ya jogoo wa sokoni, nusu ikitumwa kwa M-Pesa kabla maiki haijawashwa. Nusu ya pili ndiyo huleta kesi. Ndiyo maana wimbo unaopewa kwanza uusikilize nyumbani una sauti ya prodyusa inayojitaja katikati ya kiitikio, na haiondoki mpaka deni liishe. Nimesikia nyimbo redioni zikiwa na sauti hiyo bado. Mtunzi alikwama, akaamua heri wimbo uende na alama ya deni kuliko usiende kabisa.

Asubuhi moja kikundi cha isukuti kilifika kurekodi. Watu saba, na mahali pa kusimama ni pa mmoja. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, na jina lake limetokana na ngoma zenyewe, ambazo hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zimewambwa ngozi ya kenge, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, wengine huitikia, na wachezaji hukaa safu mbili, wanaume kwao na wanawake kwao. Huchezwa mtoto akizaliwa, vijana wakitahiriwa, watu wakioana, mzee akizikwa, na asubuhi za mapigano ya mafahali ngoma hizohizo humsindikiza fahali kwenda uwanjani. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ikieleza kuwa wanaoijua wengi ni wazee wasio na wa kuwarithi, na kwamba watunzi wanakimbilia miziki inayouzika.

Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta alifanya alivyofundishwa. Alimvalisha mpiga ngoma kubwa vidude vya masikioni, akamwekea kliki, ile tik-tik inayomshika mpigaji asitoke kwenye kasi, akamwambia apige peke yake. Wenzake wangeongezwa mmoja mmoja. Mzee alipiga kidogo akasimama. Akaanza tena, akasimama tena. Kisha akavua vile vidude, akavitua mezani taratibu kama mtu anayerudisha kikombe cha jirani.

"Kijana wangu," alisema, "hii inanijibu kabla sijasema."

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya kliki. Isukuti huchemka inavyoendelea. Kasi ya kuanzia siyo ya kumalizia, na anayeipandisha ni mpiga ngoma akimtazama kiongozi, kiongozi akiwatazama wachezaji, wachezaji wakizisikia njuga za miguuni mwao wenyewe. Ukimtenga mmoja hana wa kumfuata. Programu ya kurekodi hufunguka ikiwa imeuchora muda kwa miraba iliyo sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na kila utakachoongeza baadaye hukaa kwenye miraba hiyo. Ngoma ya namna hii haimo humo. Inaweza kulazimishwa, na hulazimishwa kila siku, lakini ukiisikia unajua imefungwa kamba.

Walitoka nje. Maiki mbili zilipitishwa dirishani kwa waya mrefu, zikasimamishwa chini ya mwembe, moja karibu na ngoma na nyingine karibu na kiongozi, na kikundi kikapiga kizima, mara tatu, bila kliki. Mara ya pili ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na mara hiyo ya pili jogoo wa jirani aliwika pale pale kiongozi alipovuta pumzi. Kijana alitaka kumfuta. Saa tisa ilikuwa haijafika, lakini upande wa Nandi kulikuwa tayari kumefunga.

Kabla ya mashine kumfuata mwanamuziki Kakamega, mwanamuziki ndiye aliyeifuata mashine. George Mukabi wa Kisa, sehemu ambayo leo iko Khwisero, ndiye anayetajwa kuwa baba wa omutibo, upigaji gitaa ambao dole gumba hubeba besi na vidole vingine wimbo, mwenzako akigonga chupa ya soda kwa chuma kushikilia mwendo. Ili sauti hiyo iingie kwenye santuri ilibidi isafiri hadi Nairobi. Mukabi aliuawa mwaka 1963, angali kijana, na kilichobaki kwake ni zile santuri. Daudi Kabaka naye alirekodi Nairobi, katika Equator Sound Studios ya Charles Worrod, akiwa na wanamuziki kina Fadhili William, na mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliurekodi upya wimbo wake Helule Helule ukaingia katika chati za huko. Waliopungukiwa nauli ya Nairobi, au waliochoka kusubiri milangoni pa kampuni za huko, walikuwa na Kericho. Ndiyo, Kericho ya majani chai. Chandarana alikuwa na duka la santuri na studio huko, na bendi za Magharibi, Nyanza na Bonde la Ufa zilipita kwake kwa miaka mingi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Abana ba Nasery, watatu wa Bunyore, Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, huyu wa mwisho akiwa bwana wa chupa ya Fanta. Walirekodi miaka ya 1960 na 1970 chini ya majina zaidi ya moja. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya rekodi zao za zamani kwenye albamu, baadaye ikawarekodi upya, na watu wa Ulaya wakaanza kuandika juu ya chupa ya Fanta kana kwamba imegunduliwa jana. Bunyore ni mwendo mfupi tu kutoka Kakamega mjini. Muziki wa hapa ulizunguka hadi London ndipo ukaonekana.

Katika zama hizo zote malipo ya kawaida yalikuwa mkupuo mmoja. Unaimba, unapewa pesa, unarudi nyumbani, santuri inabaki na kampuni. Mtu akisoma hayo leo hukasirika kwa niaba ya wazee, na ana haki. Ila ukiwauliza wanamuziki wa zamani waliishi kwa nini, santuri hawaitaji kwanza. Wanataja harusi. Wanataja matanga, baa za Mumias siku ambayo wakulima wamelipwa pesa za miwa, kampeni, ufunguzi wa shule. Santuri ilipeleka jina mbele ili mtu wa Malava au Butere ajue nani wa kuitwa. Ilikuwa tangazo lenye mdundo.

Ninalishikilia hilo kwa sababu mazungumzo ya siku hizi yamelisahau. Tunaambiwa msanii huru amewekwa huru na kompyuta. Kweli, tangu mwisho wa miaka ya 1990, maprodyusa kina Tedd Josiah na Ogopa walipoonyesha Nairobi kwamba wimbo unaweza kupikwa katika chumba kidogo ukatikisa nchi, bei ya kuingia imeendelea kushuka hadi kijana wa Shinyalu anarekodi kwa laptopu ya mitumba. Msambazaji wa mtandaoni atampelekea wimbo wake dunia nzima kwa ada ndogo ya mwaka, na asipoilipa mwaka unaofuata, wimbo huenda ukatolewa. Mashine imekuja nyumbani. Pesa hazikuja nayo.

Spotify ilifungua milango Kenya Februari 2021, na shangwe ilikuwa kubwa. Tangu mwanzo wa 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi kumi na miwili hauhesabiwi malipo ya rekodi hata senti. YouTube nayo, kwa video za kawaida, haikugawii matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 na watu wametazama saa 4,000 kwa mwaka mmoja. Kwa mwimbaji wa Kiidakho hizo si namba ndogo. Watu wake wengi husikiliza wimbo kwa fleshi kwenye spika ya pikipiki, au wanatumiana kwa WhatsApp, na huko hakuna mtambo wa kuhesabu. Wimbo unaweza kujulikana na kila boda boda kati ya Khayega na Malinya huku takwimu za mtandaoni zikisema umesikilizwa mara mia tatu.

Halafu kuna biti zile za kushusha. Mtengenezaji wa ng'ambo hukodisha biti moja kwa watu mia. Wa kwanza kuisajili katika mfumo wa YouTube wa kutambua sauti huwa kama mwenyewe, na wengine wote wanakuta nyimbo zao zinadaiwa na mtu wasiyemjua, matangazo yakimlipa yeye. Nimemwona mwanafunzi akiitazama barua ya madai hayo kwenye simu yake, wimbo ni wa maneno yake mwenyewe, kuhusu mama yake mwenyewe. Ukimwambia angepiga biti yake hapa hapa kwa ngoma za babu yake atakuona mshamba. Lakini babu yake asingemdai.

Au pengine angemdai, na hapa mambo yanakuwa mazito. Kuna maprodyusa waliorekodi isukuti pigo moja moja, ngoma kubwa peke yake, ndogo peke yake, pembe peke yake, wakaviweka kwenye kibodi. Ukibonyeza, ngoma inalia, tena ndani ya miraba. Sauti hizo hugawanywa, huuzwa, hupita mikono. Mzee aliyepiga alilipwa ya siku moja. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016, inayosema jamii ina haki juu ya sanaa yake ya jadi na inayozipa serikali za kaunti kazi ya kuiandika katika daftari. Kwenye viti vya plastiki, wakati wa mvua, sheria hiyo nimeitaja mara nyingi. Hakuna aliyewahi kunikatiza kwa kusema anaijua.

Sheria ya hakimiliki ndiyo inayojulikana kidogo, na hata hiyo kwa uvumi. Wengi huamini kwamba wimbo usiosajiliwa Bodi ya Hakimiliki hauna mwenyewe. Sivyo: ukishaurekodi au kuuandika, umelindwa, na cheti kinasaidia tu siku ya ubishi. Tungo hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake; rekodi yenyewe miaka 50 tangu mwaka ilipotengenezwa. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa tungo za Mukabi uliisha na mwaka 2013, nusu karne baada ya kuzikwa kwake. Yeyote leo anaweza kuzichapa. Watu wamezichapa, ughaibuni, kwenye santuri nzuri kuliko zile za kwanza.

Kuna kipengele kimoja ambacho ningekibandika juu ya kila trei ya mayai. Sheria inamtambua kuwa mtunzi wa rekodi ya sauti yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Aliyepanga, aliyegharimia, aliyeita watu. Bado prodyusa anashika faili zote, msanii anadhani ni halali yake kuzishika, wanakosana juu ya elfu tatu, na wimbo unafia kwenye diski. Nimewahi kupoteza kazi yangu hivyo, masimulizi ya wazee niliyoyarekodi wiki nzima katika studio moja. Mwenye studio alihama mji, simu ikazimwa, na sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba tuliwahi kukutana. Tangu hapo natembea na daftari la mraba. Jina, nambari ya kitambulisho, umefanya nini, umelipwa nini, faili ziko kwa nani, saini. Dakika tano. Wanaonicheka ni wengi.

Juu ya ubishi huo wa chumbani umejengeka ubishi wa nchi nzima. MCSK, chama cha kukusanya mirabaha kilichokuwapo tangu 1983, kilinyimwa leseni mwaka 2017, kikarudishiwa baadaye, kesi zikafuata kesi. Mwaka 2019 wanachama wake walipata mgao wa takriban shilingi 2,500 kila mmoja, wanaovuma na wasiovuma sawasawa, na kelele zilisikika kila mahali isipokuwa, nadhani, kwa wale ambao hawakuwahi kupata chochote kabla ya hapo. Mtu wa Kakamega akiuliza aende kwa nani, jibu la mwaka huu huenda lisiwe jibu la mwaka ujao. Serikali, kwa upande wake, ilijua pa kupita: tangu sheria ya fedha ya 2023, asilimia 5 ya mapato ya maudhui ya mtandaoni hukatwa kodi.

Palipolipa kidogo ni kwenye simu. Safaricom ilianzisha Skiza mwaka 2009: unalipia wimbo, na anayekupigia anausikia badala ya mlio wa kawaida. Kwa miaka mingi wasanii walilalamika kwamba wanapata makombo, hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yakaweka mgawanyo. Katika kila shilingi 100, msanii au mwenye hakimiliki 52, kampuni ya simu 39 na senti 50, na kampuni ya katikati inayopeleka nyimbo, 8 na senti 50. Kwa vikundi vya huku Skiza ina faida nyingine isiyoandikwa kwenye sheria, nitakuja kwayo.

Kwanza Machi 2020. Serikali ilipofunga mikusanyiko kwa sababu ya korona, na maziko yakaruhusiwa watu 15 tu wa familia, muziki wa Kakamega ulifungwa siku hiyo hiyo. Nyimbo zilikuwa bado ziko hewani. Watu walikaa nyumbani na simu zao, walisikiliza labda kuliko wakati wowote, na redio za Kiluhya ziliendelea kupiga. Wapiga ngoma wakaenda kulima mashamba ya watu. Kama rekodi ingekuwa ndiyo chakula, mwaka ule wangeshiba. Maziko makubwa yaliporuhusiwa tena ndipo mifuko ilipojaa, yakiwemo yale ya usiku yenye spika kubwa, disko matanga, ambayo machifu huyapiga marufuku leo na kuyakuta yakivuma kesho. Sitetei disko matanga. Nasema huko ndiko kulikolipa karo za watoto wengi wa wanamuziki, na anayetaka kuielewa biashara hii asiende na daftari mtandaoni tu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kijana wa Kakamega amechelewa kuingia sokoni. Soko lake liko, la zamani, lina nauli na chakula cha mchana ndani ya bei. Kilichobadilika ni kwamba tangazo sasa anaweza kulimiliki mwenyewe. Kabaka hakuwa na nafasi hiyo. Mukabi hakuwa nayo. Nafasi imekuja, na inapotezwa kwa kukosa karatasi ya daftari na kalamu ya shilingi ishirini.

Siku ile ya isukuti mvua ilikuja na ubishi wake wa kawaida juu ya bati. Tulichomoa kila kitu. Daftari langu lilizunguka mikono saba. Wawili waliweka dole gumba. Mzee wa ngoma kubwa alitaka kujua kwa nini jina lake liandikwe mara mbili, mpigaji na pia mtunzi wa mwitikio mmoja, akaelezwa, akanyamaza, kisha akasema basi hata pembe ya mwenzake iandikwe vizuri, si "na wengine." Tukairekebisha.

Simu ya kiongozi iliita katikati ya kelele hiyo. Mtu wa Shinyalu alitaka ngoma Jumamosi, mzee wao amefariki. Walizungumza bei kwa sauti ya juu kushinda mvua, watu saba, nauli, chakula, fahali wawili watakaosindikizwa. Alipokata aliniambia kwamba yule mtu hakuwahi kuwaona wakicheza. Alikuwa amempigia juzi kwa jambo jingine, akausikia wimbo kwenye Skiza, na leo amepiga kwa ajili ya wimbo. Mimi nikamwomba aniambie ni wimbo gani, nami niusikie.

"Mimi mwenyewe siusikii," alisema. "Anayenipigia ndiye husikia. Nipigie."

Nilimpigia. Simu yake iliwaka mapajani mwake, naye hakuipokea. Nilisimama pale mlangoni, kidole kwenye sikio moja kwa sababu ya mabati, nikisikia kwa mbali pembe, njuga, na ngoma kubwa ikianza kuchemka, mpaka laini ikakatika. Kijana wa kompyuta aliuliza kama sasa amfute yule jogoo.

"Mwache," alisema mzee wa ngoma kubwa. "Ameingia kwa wakati."